Kufundisha na kupima shahada ya uzamili kwa mfumo mseto: mwongozo kamili kwa mhadhiri

Kambi ya kwanza ya masomo ya ana kwa ana niliyoiendesha ilikuwa ya siku mbili, Ijumaa na Jumamosi. Wanafunzi 38 wa uzamili wa uongozi wa elimu, na mimi nikiwa na slaidi 94. Nilizimaliza zote. Jumamosi, kwenye foleni ya chai, mwalimu mkuu mmoja aliyekuja kwa basi kutoka Kasulu, mtu mzima kunizidi, aliniambia kwa adabu: "Dokta, samahani. Hizi slaidi ungetutumia tu, tungezisoma hukohuko."

Sikuwa na la kujibu. Mtu amelipa nauli, amelipa gesti, amemwachia shule msaidizi wake, halafu amekuja Dar es Salaam kusomewa maandishi. Niliyoyabadilisha tangu siku ile ndiyo yaliyomo humu.

Mwongozo huu ni wa mhadhiri aliyepewa kozi ya uzamili yenye siku chache za ana kwa ana kila muhula, na siku nyingine zote mtandaoni. Mifano nimeichukua kwenye kozi yangu ya usimamizi wa fedha za shule, ambayo wanafunzi wake ni walimu wakuu, wakuu wa shule na maafisa elimu kata. Anayefundisha wauguzi au wahasibu atabadili mifano, hatua zibaki zilezile.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Mseto ni chakula: mchele na choroko ndani ya chungu kimoja, mpaka huwezi kuvitenganisha. Kozi nyingi tunazoziita mseto ni wali sahani hii na choroko sahani ile. Darasani mhadhiri anafundisha mada ya tatu, mtandaoni kuna faili za mada ya saba, na mtihani unatoka kwenye kitini cha mwaka juzi.

Hatua ya 1: Hesabu saa kabla ya kupanga mada

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na uzamili haupungui krediti 180, yaani saa 1,800. Hizo si saa za mhadhara peke yake. Ndani yake kuna kusoma, kujadili, kuandika na kujiandaa kwa mtihani. Kwa hiyo kozi ya krediti 12 ina saa 120, na mwanafunzi hadaiwi zaidi ya hapo.

Mimi huzigawa hivi: saa 24 za kambi (kambi mbili za siku mbilimbili, saa 6 kwa siku), saa 12 za vipindi mubashara mtandaoni, saa 36 za kusoma, saa 16 za mijadala na kazi ya kikundi, na saa 32 za kazi za kupimwa pamoja na maandalizi ya mtihani. Ukitoa zile 24 za kambi zinabaki 96. Zigawe kwa wiki 15 za muhula: saa 6 na dakika 24 kwa wiki. Mwenye kozi tatu anahitaji zaidi ya saa 19 kila wiki, juu ya ajira, watoto, misiba na vikao vya harusi. Ukimwekea makala nne za kurasa thelathini thelathini kwa wiki moja, hatasoma hata moja. Atasubiri desa la mwenzake.

Ukishapata saa, fungua kalenda. Usianze na ya chuo, anza na ya kazini kwao. Novemba kuna mtihani wa kidato cha nne, na mkuu wa shule hawezi kuondoka. Tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unafungwa, na kila mwenye akaunti ya shule yuko juu ya makaratasi. Muhula wa kwanza niliweka kambi katikati ya mtihani wa kidato cha nne. Walikuja 17.

Hatua ya 2: Anza na kazi utakayoisahihisha

Watu wengi huandika mada kwanza, wakatafuta maswali mwishoni. Geuza. Mwaka 1996 John Biggs, mtaalamu wa elimu, alieleza jambo ambalo kila mwalimu alilijua moyoni: mwanafunzi hujifunza kile kitakachopimwa, kwa hiyo malengo, shughuli za darasani na kipimo lazima vivute upande mmoja. Kama lengo linasema "aweze kusimamia bajeti ya shule" na mtihani unauliza "taja kanuni saba za bajeti", mwanafunzi ataziimba zile saba na bajeti ataiacha.

Futa neno "kuelewa" kwenye malengo yako, maana halisahihishiki. Andika kitenzi ambacho mtu akikitenda unamwona: kukokotoa, kulinganisha, kutetea, kuandaa dokezo, kukagua. Kisha andika kazi yenyewe, neno kwa neno, kama mwanafunzi atakavyoisoma. Hii ni yangu:

*Kazi ya 1 (alama 20). Chukua hesabu za robo mwaka moja za shule unayoifanyia kazi au unayoisimamia. Onyesha fedha zilizotarajiwa kwa idadi ya wanafunzi, zilizoingia, na tofauti yake. Eleza sababu mbili za tofauti hiyo kwa ushahidi wa nyaraka. Kisha andika dokezo la ukurasa mmoja kwa kamati au bodi ya shule ukipendekeza uamuzi mmoja. Jumla isizidi maneno 1,500. Ficha jina la shule na la mtu yeyote.*

Kazi ya namna hii ni ngumu kunakiliwa, kwa sababu hakuna shule mbili zenye hesabu moja. Na mwanafunzi akimaliza ana dokezo anaweza kulipeleka kwenye kikao Jumatatu. Sentensi ya mwisho kuhusu kuficha majina usiidharau. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na wanafunzi wako wanashika majina ya watoto, namba za simu za wazazi na mishahara ya watu. Waambie pia waombe ruhusa kazini kabla ya kutoa nyaraka ofisini. Mwaka wa kwanza nilisahau kuwaambia, na mmoja aliitwa ajieleze.

Kazi hiyo ikishakaa sawa, rudi nyuma uulize: ili aifanye, anahitaji kujua nini, na amefanya mazoezi wapi? Majibu hayo ndiyo mada zako. Kozi yangu ilikuwa na mada 11, zikabaki 6. Tano zilikuwepo kwa sababu zilikuwepo.

Hatua ya 3: Amua kipi kifanyike wapi

Nina kipimo kimoja cha kienyeji. Shughuli ikija mbele yangu, najiuliza: mtu mzima aliyechoka anaweza kuifanya peke yake saa nne usiku, simu ikiwa na chaji asilimia 20? Kama anaweza, iende mtandaoni. Kusoma, kusikiliza maelezo mafupi, kujibu vijijaribio na kupokea mrejesho, vyote vinaweza.

Kubishana uso kwa uso, kujaribu jambo gumu kwa mara ya kwanza, kuigiza kikao na kutetea kazi kwa mdomo haviwezi. Hivyo ndivyo vya kambini.

Vipindi mubashara viko katikati, na hapo ndipo wengi tunapopotea. Kipindi cha Zoom au Google Meet kisigeuzwe mhadhara. Kiwe cha maswali. Nawataka watume maswali hadi Jumatano jioni, nayachambua, na Alhamisi saa mbili na nusu usiku tunayajibu kwa dakika 90. Yasipofika maswali matano, naahirisha kipindi na kuwaambia sababu. Niliahirisha mara moja tu.

Hatua ya 4: Tengeneza wiki moja inayohimili mtandao mbovu

Vyuo vingi vya ukanda wetu vinatumia Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni uliotoka mwaka 2002. Uzuri wake ni kwamba programu yake ya simu inamruhusu mwanafunzi kupakua masomo akayasoma bila intaneti. Ubaya ni kwamba wahadhiri huigeuza stoo: faili 60, hakuna anayejua aanzie wapi.

Wiki yangu ina vitu vinne tu. Kitini cha kurasa mbili au tatu, nilichokiandika mwenyewe. Makala moja, pamoja na maelekezo ya kurasa za kusoma ("ruka sehemu ya mbinu, soma jedwali la pili polepole"). Sauti isiyozidi dakika 10. Na kijijaribio cha maswali matano, ambacho mwanafunzi anaweza kukirudia mpaka apate yote.

Kwa nini sauti na si video? Fanya hesabu ya bando. Sauti ya dakika 10 iliyorekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde ina takriban MB 2.4. Saa moja ya mkutano wenye kamera wazi inaweza kukaribia GB 1. Mwanafunzi wa Namtumbo akichagua kati ya hivyo viwili, ameshachagua. Rekodi kwenye simu, chumbani, madirisha yamefungwa. Jogoo akiwika, acha. Video nimeibakiza kwa jambo moja tu, kuonyesha jinsi ya kujaza jedwali la hesabu kwenye kompyuta, kwa kuwa hapo macho yanahitajika.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku zile niliona wazi nani alikuwa na kitini ndani ya simu na nani alikuwa na kiungo tu cha kitini. Tangu hapo kila kambi naondoka nimewapa vitini vya wiki saba zinazofuata kwenye flashi. Teknolojia ya kizamani, lakini haikatiki.

WhatsApp itakuwepo utake usitake. Mpe kazi maalumu: matangazo na maswali ya haraka, chini ya mwakilishi wa darasa. Usipokee kazi ya kupimwa humo. Siku ya rufaa utatafuta faili kati ya jumbe 3,000 za heri ya kuzaliwa.

Na tarehe ya mwisho ya kukusanya kazi isiwe Jumapili saa sita usiku. Sijui nani alianzisha mila hii. Weka Jumanne saa nne usiku: aliyebanwa wikiendi ana jioni mbili za kujikomboa, na mfumo ukigoma, asubuhi yake kuna mtu wa TEHAMA kazini.

Hatua ya 5: Endesha kambi kama karakana

Hapa ndipo kozi inapopona au inapokufa.

Siku ya kwanza asubuhi usitoe utangulizi wa kozi. Kitini cha utangulizi wameshatumiwa wiki mbili kabla. Anza na swali. Njia ninayoitumia ilienezwa na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeianza mwaka 1991: uliza swali lenye majibu ya kuchagua, kila mtu apige kura kimyakimya, kisha amgeukie jirani aliyechagua tofauti wabishane dakika tatu, kisha wapige kura tena. Huhitaji mtambo wowote. Vidole vinatosha, kimoja kwa A, viwili kwa B, na kadhalika, vikiwekwa kifuani ili jirani asichungulie.

Hili ni swali langu la kwanza, kwa takwimu za kutunga. Ruzuku ya uendeshaji tunayoitumia ni ya shule ya msingi, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 ndizo zinazoingia shuleni na 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Shule ina wanafunzi 640. Mwezi huu akaunti imepokea shilingi 291,500. Mwalimu mkuu afanye nini kwanza? A, aandike barua ya malalamiko halmashauri. B, alinganishe idadi ya wanafunzi iliyotumika kukokotoa fedha na iliyopo kwenye rejista. C, aitishe kikao cha wazazi wachangie. D, apunguze manunuzi ya mwezi.

Kura ya kwanza, nusu ya darasa huenda A. Kisha kelele huanza. Mara zote kuna mtu nyuma anatoa kikokotoo cha simu: 6,000 gawanya kwa 12 ni 500 kwa mwezi, 640 mara 500 ni 320,000, pungufu ni 28,500. Kimya kidogo. Halafu anagawanya 291,500 kwa 500 na kupata 583 kamili, bila senti ya ziada. "Hawa wametumia idadi ya mwaka jana!" Watoto 57 hawamo kwenye hesabu. Kura ya pili karibu wote wako B, na mimi sijafundisha chochote bado. Hiyo ni dakika 15, na imefanya kazi ambayo slaidi 20 zangu za zamani hazikuifanya.

Mchana ni maigizo ya kikao. Napanga makundi ya watu saba: mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu, wajumbe, mtendaji wa kijiji, na mmoja asiyesema kitu ila anaandika alichokiona. Kila mtu anapewa karatasi yenye anachokijua yeye peke yake. Mwenyekiti anajua fundi wa madarasa ni shemeji yake. Mwalimu mkuu anajua stakabadhi mbili zimepotea. Dakika 40 za kikao, dakika 30 za kuchambua. Zile 30 usizile hata muda ukibana. Bila uchambuzi mtu anaondoka na kicheko tu.

Mambo madogo yanayoua kambi: extensheni za umeme hazitoshi, maji ya kunywa hakuna, na viti vimefungwa chini kuelekea ubao. Ukiweza kuchagua, chagua chumba chenye viti vinavyosogea hata kama ni kibovu.

Hatua ya 6: Mijadala ya mtandaoni, na suala la lugha

Swali la "jadili umuhimu wa ukaguzi" litakupa majibu 38 yanayofanana. Toa tukio lenye utata, wagawe makundi ya watu sita au saba, na mpe kila mmoja upande wa kutetea. Mjadala ufunguke Jumatatu na ufungwe Ijumaa. Mhadhiri aingie mara mbili: Jumatano kuuliza swali moja linalochokonoa, Ijumaa kufunga kwa aya moja. Ukijibu kila ujumbe, wanaacha kuongea wao kwa wao na kuanza kukujibu wewe.

Lugha ya kufundishia uzamili kwetu ni Kiingereza, isipokuwa kwenye idara za Kiswahili. Nami nawaruhusu wajadili kwa Kiswahili, hata kwa ujumbe wa sauti, mradi kazi ya kupimwa iandikwe kwa Kiingereza. Wenzangu wengine hawakubaliani nami. Lakini nimewaona watu walewale: kwa Kiingereza wanaandika mistari miwili yenye "I concur with the previous speaker", kwa Kiswahili wanatoa mfano wa shule yao, wanapingana, wanataja kifungu. Fikra ikishakaa sawa ndipo itafutiwe Kiingereza chake, na kwenye kitini cha kila wiki naweka maneno kumi ya fani kwa lugha zote mbili.

Hatua ya 7: Pima mara chache, kwa undani

Mgawanyo uliozoeleka ni alama 40 za tathmini endelevu na 60 za mtihani wa mwisho. Angalia kanuni za chuo chako kwanza, maana si zako kubadilisha. Ndani ya zile 40 ndimo ulimo uhuru wako. Zangu ni hizi: Kazi ya 1 alama 20, utetezi wa mdomo wa kazi hiyo alama 10, kazi ya kikundi 5, vijijaribio vya kila wiki 5. Vijijaribio vinapewa alama kidogo makusudi. Ni vya kumfanya afungue ukurasa, na majibu husambaa kwenye makundi yao ndani ya dakika kumi.

*Vigezo.* Waandikie kabla, na usitumie maneno kama "vizuri sana" na "wastani", ambayo hayamwambii mtu kitu. Mfano wa kigezo cha ushahidi, chenye alama 6. Alama 5 hadi 6: kila tofauti ya fedha imefuatiliwa hadi kwenye waraka, na mwandishi ameeleza waraka upi hauaminiki na kwa nini. 3 hadi 4: nyaraka zimetajwa na zinahusiana na hoja, ila zimepokelewa kama zilivyo. 1 hadi 2: nyaraka zimeambatishwa bila kutumika kwenye hoja. 0: madai matupu. Kwenye kambi ya kwanza wape kazi moja ya zamani isiyo na jina, waisahihishe wenyewe kwa vigezo hivyo. Wakigombana kuhusu 3 au 4, wamevielewa.

*Wasahihishaji wawili.* Kama mko wawili, sahihisheni kazi nne zilezile kila mtu kivyake, kisha mlinganishe kabla ya kuendelea na zilizobaki. Mara ya kwanza kufanya hivyo mimi nilitoa 58 na mwenzangu 74 kwa karatasi moja. Yeye alikuwa anazawadia mpangilio, mimi naadhibu hesabu. Tuliongea saa nzima, na ilikuwa saa yenye faida kuliko vikao vingi vya idara.

*Mrejesho.* Dakika 25 kwa kila kazi, mara 38, ni karibu saa 16. Zitafute kwenye ratiba yako kabla ya kutangaza tarehe, na urudishe ndani ya siku 14. Linganisha: "Hoja dhaifu, boresha uchambuzi" na "Ukurasa wa 3 umesema fedha zilichelewa, lakini taarifa yako ya benki inaonyesha ziliingia tarehe 4. Sababu yako ya kwanza imeanguka. Ya pili ina nguvu. Ianze hiyo kwenye dokezo." Ya pili imechukua sekunde 40 zaidi. Mimi husema mrejesho kwa sauti, dakika mbili kwa kila mtu, kisha naupandisha kwenye Moodle. Wanausikiliza kwenye daladala.

Tena, mrejesho uje kabla ya alama. Nazitoa alama siku mbili baadaye. Ukivitoa pamoja, mtu anasoma namba na kufunga.

*Akili mnemba.* Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, kila mhadhiri ameshapokea insha nyoofu isiyo na mwenyewe. Usijenge ulinzi wako juu ya mashine za kutambua. Hata OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, walikiondoa chombo chao cha utambuzi Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Kumtuhumu mtu mzima kwa asilimia iliyotolewa na mashine ni kujitafutia kesi, na anayeandika Kiingereza cha kukariri anaweza kutuhumiwa bure.

Tamka wazi kinachoruhusiwa. Mimi naruhusu kusafisha lugha, ikitajwa mwishoni mwa kazi. Sikubali kutunga hoja wala takwimu. Kisha weka utetezi wa mdomo. Dakika 10 kwa wanafunzi 38 ni saa 6 na dakika 20. Mkiwa wahadhiri wawili ni saa 3 na ushei, inaingia kwenye kambi ya pili bila shida. Lugha anachagua mwanafunzi. Maswali matatu yanatosha: Tofauti hii uliyoandika umeipataje, nionyeshe kwenye karatasi. Waraka gani ulikusumbua kuupata? Mjumbe wa kamati akikataa pendekezo lako kwa kusema fedha ni za serikali, si zetu, utamjibuje?

Nakumbuka wawili walioingia wakifuatana. Wa kwanza kazi yake ilikuwa haina kosa la herufi, lakini nilipomuuliza neno moja la kwenye dokezo lake mwenyewe lina maana gani, alilitazama kama mgeni. Wa pili Kiingereza chake kilikuwa kinachechemea ukurasa hadi ukurasa. Alichomoa daftari la stakabadhi na kunieleza mwezi wa Machi tarehe kwa tarehe, mpaka jina la duka walikonunua chaki kwa mkopo. Nikampa 9.

Hatua ya 8: Mtihani wa mwisho

Kamera za kumchunga mtu nyumbani kwake sizipendekezi. Umeme ukikatika dakika ya 50 utaamua nini? Afadhali mwanafunzi aende kituo cha karibu akafanye chini ya msimamizi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimejenga mtandao wa vituo vya mikoa kwa sababu kama hizi, na chuo kingine kinaweza kuomba ushirikiano na chuo cha jirani.

Karatasi iwe ya vitabu wazi: tukio la kurasa mbili, maswali matatu, saa tatu. Vitabu wazi havirahisishi mtihani. Anayesoma kwa mara ya kwanza ndani ya chumba hatamaliza swali la kwanza. Sapu, yaani mtihani wa marudio, nayo iandae mapema, yenye tukio tofauti, siku ileile unayoandaa mtihani mkuu.

Hatua ya 9: Tasnifu kwa mbali

Wengi hufaulu kozi zote wakazama hapa, kwa sababu ratiba imeisha na hakuna anayewauliza. Weka mkutano wa dakika 30 kila wiki ya pili, siku ileile, hata kama hajaandika. Baada ya mkutano, mwanafunzi (si wewe) anaandika mistari mitano: tulichokubaliana, nitakachotuma, lini. Hiyo ndiyo kumbukumbu yenu siku mkikosana.

Mhimize aanze mapema safari ya kibali cha utafiti: barua ya chuo, ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, halmashauri, ndipo shule. Kila dirisha lina siku zake.

Hatua ya 10: Funga kozi siku saba baada ya mtihani

Kabla hujasahau, tengeneza jalada la mtahini wa nje: vigezo, karatasi ya mtihani, kazi moja ya juu, moja ya kati na moja iliyofeli, pamoja na mrejesho wake. Kisha waulize wanafunzi maswali mawili tu bila majina: wiki gani ilikuacha nyuma, na kitu gani kambini ungekipata kwa simu?

Mwishoni andika karatasi moja ya mambo ya kubadilisha muhula ujao. Yangu ya mwisho ina mistari mitatu. Usomaji wa wiki ya 6 upungue kwa nusu. Kambi ya pili isivuke tarehe 10 Juni. Na extensheni mbili za mita tano, ninunue mwenyewe.